Mbwa wa Kupiga Nduru

Ko.

Kimya kidogo, halafu tena: ko. Sauti ndogo, kama kijiko kimegusa kikombe. Watiri alifumbua macho gizani, na kabla hajajiuliza alikuwa ameshajua. Ilikuwa kufuli ya mlango wa jikoni ikigonga ubao. Jiko lilikuwa nje, hatua saba kutoka dirisha la chumba chake, na ndani yake aliweka magunia mawili ya mbuni, ile kahawa inayokaushwa na maganda yake. Upepo haukuwapo. Majani ya migomba nyuma ya nyumba yalikuwa yametulia. Kufuli haijiinui yenyewe. Kuna mkono ulioinyanyua na kuiachilia polepole.

Hii ilikuwa asubuhi ya tatu.

Alivuta blanketi mpaka mdomoni, akaling'ata. Angepiga nduru, kijiji chote cha Gakindu kingeamka. Alijua hivyo kwa sababu mwaka uliopita alipiga. Watu walikuja mbio na panga na tochi, wengine bila viatu, wakamkuta ndama wa jirani yake Wambugu amekata kamba na anatafuna majani ya viazi vitamu. Hakuna aliyemkaripia. Walicheka tu, na hadi leo akienda sokoni hakosi mtu wa kumwuliza ndama anaendeleaje. Kwa hiyo alinyamaza. Alisikia moyo ukimdunda masikioni, na baadaye hatua za gambuti zikishuka taratibu, bila haraka yoyote, kuelekea kwenye mibuni. Ule utaratibu ndio uliomtisha zaidi. Ni mwendo wa mtu anayejua mwenye nyumba yuko peke yake.

Kulipokucha alikuta mikwaruzo mipya kwenye kufuli. Akampigia simu mwanawe, Moffat, anayeuza vitunguu Karatina.

"Maitu, mimi silali tena," Moffat alisema. "Leo ni Jumatano. Chagua. Upate mbwa, ama Jumapili nakuja na pikapu nikubebe wewe na kuku zako zote."

"Na baba yako nimwachie nani?"

"Baba amelala kaburini pale chini ya mwavokado. Haibiwi."

Watiri alicheka bila kutaka, kisha kicheko kikamkauka. "Mbwa siwezi, Moffat. Unajua."

"Najua. Basi ni Karatina." Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu ambaye naye alikuwa amekesha.

Watiri alikiona chumba cha Karatina: juu ya duka, dirisha linaloangalia ukuta, hakuna hata udongo wa kupanda kitunguu kimoja. Miaka arubaini na sita alikuwa ameamkia mibuni hii. Halafu akashika mguu wake wa kushoto, nyuma, palipokuwa na alama mbili kama macho. Alikuwa na miaka tisa mbwa wa mlinzi wa kiwanda cha kahawa alipomng'ang'ania pale. Sindano kumi na nne za tumboni, za kuzuia kichaa cha mbwa, siku kumi na nne mfululizo. Maumivu ya sindano yalikuwa yamesahaulika. Pumzi ya moto ya yule mbwa, ikipanda kwenye goti lake, haikusahaulika.

Saa nne Gladwell, mke wa Wambugu, aliingia na chupa ya maziwa ambayo hakuna aliyemwagiza. Watiri alimweleza yote. Gladwell alisikiliza mpaka mwisho, na katika kusikiliza kote huko hakumtaja ndama hata mara moja. Watiri aliliona hilo.

"Mama Moffat, tunaenda kwa mzee Ngatia kesho," Gladwell alisema. "Mbwa yake iko na watoto wa miezi miwili. Na usiogope kuchagua, mimi najua. Unainua kila mmoja na ngozi ya shingo. Anayelia, unamrudisha chini. Anayenyamaza, huyo ndiye mkali. Hata mbwa wetu tulimpata hivyo."

"Mbwa wenu ambaye alimwacha ndama akate kamba?"

"Huyo alikuwa amelala tu," Gladwell alisema, na wote wawili wakacheka, na kwa muda huo mfupi hofu ikatoka nje ya mlango.

Ngatia aliishi peke yake ng'ambo ya mto, tangu mkewe alipofariki. Watiri alibeba kilo mbili za unga wa mahindi, maana kwao mbwa hachukuliwi mikono mitupu, vinginevyo hurudi alikotoka. Walipofika langoni, mama mbwa alinyanyuka, mkubwa, rangi ya majivu, akaguruma kwa ndani. Miguu ya Watiri ilikataa. Alama zile mbili zilimwasha kana kwamba ni za jana.

"Gladwell, turudi."

"Tumefika, mama."

"Nimesema turudi!"

Ngatia alikuwa ameona. Hakusema "haumi", kama wasemavyo wote wenye mbwa. Alichukua kigoda chake, akaja akakiweka katikati, baina ya Watiri na mbwa, akaketi akiwa amempa Watiri mgongo. Kwa mkono mmoja akashika ukosi wa mbwa.

"Sasa akitaka kupita, anapitia kwangu," alisema. "Pole pole. Hakuna anayetufukuza hapa."

Watiri alisimama nyuma ya mgongo ule mpaka pumzi ikamrudia. Watoto walikuwa watatu ndani ya karai kuukuu. Gladwell akamwinua wa kwanza, mwekundu, naye mtoto akapiga kelele. Wa pili, mwenye mabaka, alipiga kelele kiasi kwamba kuku walikimbia.

"Ngai! Huyu analia kama kwaya ya akina mama!" Gladwell akamrudisha haraka. Wa tatu alikuwa mweusi tititi. Alining'inia mkononi bila sauti, macho wazi. "Umeona? Ndiye huyu. Mzee, tunachukua huyu."

"Ngoja," Ngatia alisema. "Mama Moffat, njoo umguse hapa mbavuni. Kidole kimoja tu. Hana meno ya kukufanya kitu."

Watiri alinyoosha kidole kama mtu anayepima moto wa chuma. Chini ya manyoya laini moyo ulikuwa ukienda mbio, mbio, kama unatafuta pa kutokea. Mkia ulikuwa umebanwa tumboni. Watiri aliufahamu moyo ule. Alikuwa ameusikia asubuhi ya jana, chini ya blanketi.

"Watu huku wote wanachukua anayenyamaza," Ngatia alisema. "Mimi huwaacha, kwa sababu hawaulizi. Lakini huyu si ukali. Huyu akishikwa anaganda. Mwizi akija, ataganda vile vile."

Watiri alibaki akimtazama yule mweusi. Alitamani kumchukua, amfunike, amwambie anajua. Kisha akasema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe, "Nyumba yangu tayari iko na mmoja wa kunyamaza. Nipeni huyo wa kwaya."

"Na huyu mweusi?" Gladwell aliuliza.

"Atakaa na mimi," Ngatia alisema. "Hapa hakuna wa kumshika kwa nguvu." Aliingia ndani, akatoka na kipande cha sweta ambacho mama mbwa alikuwa akikilalia. "Mwekee hii kwa katoni. Ina harufu ya mama yake. Hatakusumbua sana."

Alisumbua. Siku hiyo yote na ya pili Watiri alimlisha kwa mwiko mrefu, uji juu ya kisahani, akikisukuma sakafuni. Kila mara mtoto yule wa mbwa alipojinyoosha kumfuata, Watiri alipanda kitini. Ijumaa jioni alimfungia ndani ya katoni karibu na mlango, akakaa kitandani akimtazama. Alikuwa ameleta nyumbani kitu alichokiogopa maisha yake yote, na nje bado kulikuwa na kingine. Yule mdogo akaweka kichwa juu ya sweta, akaguna, akalala. Watiri hakulala.

Alfajiri ya Jumamosi, ko.

Hata haikufika ya pili. Kutoka kwenye katoni ilipanda kelele nyembamba, ndefu, isiyo na aibu yoyote. Haikuwa kubweka. Ilikuwa ni kulia tu, kulia kwa mtoto anayetaka dunia yote ijue. Nje, kitu kizito kilianguka. Watiri aliketi, mdomo wake ukafunguka, na nduru ikatoka, ikachanganyika na ile ya katoni. Alipiga mpaka koo likachubuka. Alipiga hata aliposikia gambuti zikikimbia, safari hii kwa haraka, na milango ikifunguka kijiji kizima.

Wambugu alifika wa kwanza, panga mkononi, shati ndani nje. Alimulika mlango wa jikoni. Kufuli ilikuwa imekatwa. Chini palikuwa na mkasi mkubwa wa kukatia chuma na gunia tupu lililokunjwa vizuri.

Hakuna aliyecheka.

"Leo si ndama," Wambugu alisema, kisha akainamisha kichwa. "Mama, utusamehe kwa ile mambo ya ndama."

Hawakumpata mtu yule. Jumapili Moffat alikuja na pikapu, lakini alishusha humo komeo mbili za chuma na mbao za kibanda. Alilichunguza lile gunia kwa muda mrefu. Hakutaja Karatina.

Watiri bado alikuwa akiamka kabla ya alfajiri na kusikiliza. Lakini sasa walikuwa wawili wanaosikiliza, na siku ya nne mkono wake ulishuka wenyewe kutoka kitandani mpaka kwenye katoni, ukakutana na pua baridi, na haukurudi.

Juma lililofuata alivuka mto peke yake, na maziwa kwenye chupa ya Gladwell. Alimsimulia Ngatia yote. Mama mbwa alilala kando yao, Ngatia katikati kama mara ile, na yule mweusi akiwa amejificha ndani ya koti lake. Watiri aliponyanyuka kuondoka, mzee alimsindikiza hadi langoni, akashika mti wa lango asiufungue mara moja.

"Uje tena, Mama Moffat," alisema. "Lakini usingoje mpaka mwizi akutume."