Kiti Alichokihamisha Msusi

Wanafunzi wangu wa ushauri nasaha wananiita Mama Fomu, na wanadhani sijui. Fomu yenyewe niliitunga mimi: vipengele ishirini, kila kimoja alama mbili, na cha kwanza kabisa ni mshauri kumtazama mteja machoni. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaketi na mteja wa kweli katika chumba kidogo chenye viti viwili vinavyotazamana. Mimi nakaa nyuma ya kioo, nawaona wao hawanioni, nawasikia kwa spika, kalamu mkononi. Asiyefikisha alama ishirini na nne anarudia mwaka. Hapo sina huruma, na sijawahi kuona haya kulisema.

Mwaka huu nilimpata msusi. Alikuwa amesuka watu miaka kumi na miwili kabla ya kuja chuoni, ana watoto wawili, na kwake kurudia mwaka kulikuwa na maana ya kufunga vitabu na kurudi saluni moja kwa moja. Alijua, nami nilijua.

Mteja wake alikuwa mzee mmoja, mlinzi mstaafu, aliyefiwa na mkewe miezi miwili nyuma. Bintiye ndiye aliyemleta, akasema baba hali chakula vizuri, haongei, na ukimuuliza anajibu kwamba hajambo. Mzee alikubali kutazamwa na kurekodiwa, akaketi, kofia mapajani. Na msusi wangu akafanya nini? Alimwamkia, akaomba ruhusa, akabeba kiti chake akakiweka ubavuni mwa mzee, wote wawili wakawa wanatazama dirisha kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari.

Nilipandwa na hasira palepale. Kutazama machoni, sifuri. Mpangilio wa viti, sifuri. Kimya kupita kiasi, sifuri. Niliandika mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Jumla kumi na saba.

Ofisini nilimwambia bila kumung'unya maneno kwamba ameanguka. Akajieleza. Saluni anasimama nyuma ya mtu, alisema, na watu humwambia mambo ambayo hawajamwambia yeyote, kwa sababu hakuna anayewakodolea macho. Tena yule mzee ni rika la baba yake, na kwa watu wao mtoto hamkazii mzazi macho akiwa na msiba.

"Halafu mwalimu, hilo ulitufundisha wewe," akaongeza taratibu. "Jumanne."

Kweli, kila Jumanne nafundisha somo la ushauri nasaha kwa watu wa tamaduni mbalimbali. Alhamisi nashika fomu. Miaka tisa sikuwahi kugundua kwamba siku hizo mbili hazisalimiani. Lakini unadhani nilikubali? Nilimwambia wiki ijayo nitaketi na mzee mimi mwenyewe, na yeye akae nyuma ya kioo na fomu, ajionee kazi inavyofanywa.

Wiki iliyofuata nikarudisha viti mahali pake. Nikamtazama mzee machoni, nikamrudishia maneno yake kama fomu inavyotaka, nikatikisa kichwa panapostahili. Mzee akanyooka kama aliyeitwa na bosi wake wa zamani. Ndiyo, mwalimu. Hapana, mwalimu. Sijambo, mwalimu, nashukuru. Dakika arobaini hizo. Nikatoka nikijipongeza moyoni.

Msusi alinikabidhi fomu. Alikuwa amenipa arobaini kwa arobaini, na hakuwa akinikejeli; yote nilikuwa nimeyafanya.

"Mwalimu, amekwambia nini?" akaniuliza.

"Kwako alisema nini?" nikamrudishia, kwa ukali wa mtu aliyebanwa.

Alinishangaa. "Si ulikuwepo?"

Nilikuwepo. Nikajifungia ofisini kusikiliza kilichorekodiwa. Kimya, kiti kikilalamika, kimya tena, kisha dakika ya thelathini na moja sauti ya mzee, ya chini lakini safi kabisa: "Siku ile alikuwa ameloweka nguo kwenye ndoo. Bado zimo. Kila asubuhi nabadilisha maji. Kuzikamua siwezi." Msusi alimuuliza ni nguo gani, na mzee akamtajia moja moja, gauni, shuka, hadi kitambaa cha kichwa. Wakati huohuo mimi, spika ikiwa kando ya sikio langu, nilikuwa nahesabu sifuri. Nililia, sifichi.

Kesho yake nilimwomba msusi radhi. Nilizifuta zile kumi na saba nikamwambia Alhamisi ijayo ataketi tena na mzee, hicho ndicho kitakachoamua, na kwamba sitashika fomu. Siku hiyo niliwahi chumbani kabla yao, nikakihamisha kile kiti kwa mikono yangu.

Mzee alipoingia aliviona viti, akatulia, akaketi. Wakatazama dirisha. Dakika kumi zikapita, kumi nyingine, roho yangu juujuu nyuma ya kioo.

"Leo nimezianika," mzee akasema.

Msusi hakugeuka. "Zimekauka, baba?"

"Gauni bado." Akaanza kulia, na msusi akabaki palepale ubavuni mwake, macho dirishani.

Nilichukua karatasi tupu nikayaandika maneno ya mzee yalivyo, na chini yake, kwa wino, nikaandika kwamba msusi amefaulu.