Kupiga Windo Kati ya Samaki

Kompyuta ilikuwa tupu tangu saa saba mchana, na tangu saa saba mchana Dzifa alikuwa hajakaa chini.

Asubuhi walau ilikuwa na picha: mtoto wa Kizungu aliyevaa koti la mvua la njano, na chini yake jina, Wiebke, na kisanduku cha neno la siri ambalo hakuna mtu mjini Ho angelijua. Kompyuta yenyewe ilikuwa mtumba wa Ujerumani, imeshuka na kontena. Mwalimu wake wa masomo ya jioni alimpa flashi akamwambia, "Futa vyote, upige windo upya. Umefundishwa, usiogope." Kabla ya kufuta, Dzifa alimuaga yule mtoto wa koti la njano kwa sauti ndogo, maana na yeye alikuwa na wake mgongoni. Kisha akabonyeza. Windo, ile programu ya kuiendesha kompyuta, ilipofika asilimia arobaini, umeme ukapepesa mara moja tu, kama jicho lililoingiwa na vumbi. Betri ilikuwa imekufa zamani. Skrini ikawa nyeusi, na kila alipoanza upya umeme ukapepesa tena.

Sasa hapakuwa na Wiebke wala windo. Na kesho saa mbili asubuhi zahanati ilikuwa inamngoja kwa majaribio ya kazi ya kuandika kumbukumbu za wagonjwa. Zahanati ilikuwa na umeme wa jua. Kompyuta, kila mtu aje na yake. Katika miezi kumi tangu Elikem azaliwe, hiyo ndiyo kazi ya kwanza iliyomwita. Na leo mgao ulikuwa wa mtaa wao: umeme uondoke saa kumi na mbili jioni, urudi kesho mchana. Tena saa kumi na mbili ya mgao hupenda kufika mapema.

Ndipo akaikumbatia kompyuta akaenda kwa Anti Enyonam, muuza samaki wa barafu, mwenye jenereta pekee pale mtaani.

"Mama Elikem, hiyo nayo unataka niitie kwenye friza? Inaoza?"

"Inaniozea mikononi, Anti. Naomba soketi tu. Umeme ukikatika utawasha jenereta, mimi naendelea."

"Kaa hapo kwenye katoni la vibua. Ukinuka, usiseme sikukuambia."

Hakukaa. Saa kumi kamili windo ilianza, na ile kompyuta ilikuwa ya kizee, ya kula saa mbili nzima. Asilimia tisa. Kumi na moja. Akatoka mlangoni kutazama nguzo ya umeme, akarudi. Kumi na moja.

"Unaichungulia kama sufuria ya ugali wa banku," alisema Korsi, kinyozi wa kibanda cha pili, mashine ikivuma kichwani mwa mteja. "Igeuze basi, itaungua."

Ilipofika thelathini na moja, Elikem akaunyakua waya. Dzifa akamfumbua vidole kimoja kimoja, na macho yake yakaufuata waya hadi ukutani, kwenye swichi kubwa yenye mkono wa chuma.

"Anti, umeme ukikatika unafanyaje hasa?"

"Nashusha huo mkono. Naenda uani, navuta kamba. Jenereta ikiwa na adabu inawaka mara ya tatu. Narudi, napandisha mkono."

"Na samaki muda huo?"

"Samaki wana haraka gani? Wameshakufa."

Dzifa akautazama tena ule mkono wa chuma. Amezaliwa kwenye mgao, amekulia kwenye mgao, na bado alikuwa amelisahau lile pengo la giza, kwa kuwa watu wote hulitumia kuguna na kupapasa tochi. Samaki wangengoja. Kompyuta isiyo na betri haingoji hata pumzi moja.

"Halafu jenereta unaiacha ikiwaka kwa muda gani?"

"Muda wa saa moja tu, samaki wapate baridi ya kulalia. Leo nina kwaya."

Muda wa saa moja usingetosha kuanza upya. Akaitazama ile thelathini na tatu aliyoisubiri kwa jasho.

"Anti, naomba uiwashe sasa hivi."

"Umeme upo."

"Ndiyo maana. Ikianzia kwenye jenereta, umeme ukikatika haitajua."

Anti Enyonam alimtazama yeye, akamtazama Elikem anayetafuna ncha ya kanga, akatazama galoni la petroli. "Kuwasha jenereta na umeme upo ni kama kufungua mwavuli kanisani. Watanicheka mpaka Krismasi." Lakini tayari alikuwa anajifunga kitambaa kiunoni. "Ukipata hiyo kazi, usinipangishe foleni na watu wa vidonda."

"Utapanga, Anti. Kama wote."

"Mwone. Chomoa basi."

Dzifa akachomoa mwenyewe. Thelathini na nne ikapotea.

Jenereta iliwaka mara ya tano. Akaanza tena: moja, mbili. Korsi akaja mlangoni. "Anti, umeme upo. Au vibua wanataka muziki?"

"Kanyoe kichwa ulichokianza."

Saa kumi na moja na dakika ishirini, mashine ya Korsi ikanyamaza. Redio za mtaa mzima zikanyamaza. Dzifa hakuthubutu kupepesa. Ishirini na tano. Ishirini na tano. Ishirini na sita.

Korsi akarudi na waya mrefu begani, nyuma yake mteja mwenye nywele upande mmoja. "Anti yangu, shangazi wa baraka. Soketi moja."

"Vibua wanasikiliza muziki," alisema Anti, na akamwachia.

Saa moja kasoro dakika kumi, Anti alikuwa amevaa joho la kwaya, funguo mkononi, anagonga mguu. Skrini ikawa ya buluu, ikauliza jina. Dzifa akaandika lake. Ikauliza neno la siri, vidole vikasita.

"Andika lolote, sauti ya kwanza wananingoja mimi."

Akaandika. Kisha akaizima taratibu. Kwa mara ya kwanza siku ile ilizimika ikiwa imemaliza kazi. Akaifunga, akaibeba kifuani, inanuka vibua.