Maharage ya Juzi

Mkamwana nusura atapike. Mwaka mzima mama mkwe alikuwa akikitema chakula chake mbele ya wageni, eti hakiliki. Leo daktari alimlaza mama huyo kwa dawa ya usingizi, akampitishia mpira wenye kamera kooni, na kwenye skrini yakaonekana maharage ya juzi, yamevunda, yanaelea kwenye mate mazito kama kamasi.

"Mlango wa kuingilia tumboni umekaza," daktari alisema. "Hata uji ungekwama hapo. Tatizo si mapishi yako, dada."

Mkamwana akaziba pua, lakini moyoni alishukuru: leo ametoka kimasomaso.

Mama mkwe alipozinduka, daktari akamweleza yote taratibu. Bibi akacheua uvundo usoni pa mkamwana, akabetua mdomo.

"Si niliwaambia? Chakula cha huyu hakishuki!"