Chupa Isiyo na Lebo

Saa tano kasorobo asubuhi, siku ya Jumamosi, mpimaji wa ubora katika kiwanda cha juisi alikuwa bado amesimama dukani mbele ya rafu ileile ya mvinyo. Muuzaji alikuwa amekwisha kuwahudumia wateja wengine, akafuta kaunta, akarudi kwake.

"Dada, ni ya harusi, ya kuomba kazi, au ya kuomba msamaha? Niambie nikusaidie, maana hizo chupa umezikodolea macho mpaka zinaona haya."

"Ya kaka yangu. Kapata kazi."

"Basi chukua hii ya mapovu. Ukifyatua kizibo, mtaa mzima unajua mambo yamejipa."

Tatizo lilikuwa hapohapo. Kaka mwenyewe ndiye aliyeitaka chupa ya mapovu. Alipiga simu juzi: "Mdogo wangu, njoo mchana. Bosi wangu mpya anakuja kula. Lete chupa ya kufyatua, na sisi tuonekane watu." Halafu akakata, kama kawaida yake. Chupa ya namna gani, hakusema.

Kwamba kaka huyo alifukuzwa kazi ya kwanza kwa sababu ya pombe, hilo lilijulikana. Kwamba ameacha, hakuna aliyekuwa na hakika. Wifi yake alikuwa akisema tu, "Siku hizi anarudi mapema," na kurudi mapema si ushahidi. Mtu anaweza kunywea nyumbani. Kuuliza nako kulikuwa na hatari yake. Baba mdogo aliuliza, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena kizingiti cha nyumba ile, wala simu yake haikupokelewa. Katika ukoo mzima, aliyebaki akiitwa mezani kwa kaka alikuwa yeye peke yake.

Akipeleka yenye kileo kwa mtu aliyeacha, atakuwa amemrudisha shimoni kwa mkono wake mwenyewe. Akipeleka isiyo na kileo, bosi ataisoma na kuuliza kulikoni, na kaka ataona dada yake amemvua nguo mbele ya mtu anayempa riziki. Kwa vyovyote vile mlango utafungwa, naye atakuwa nje pamoja na baba mdogo.

"Hizi mbili zinatofautiana nini?" aliuliza, ingawa alikuwa amekwisha kuzisoma.

"Hii inapanda kichwani, hii inaishia tumboni. Vinginevyo ni mapacha."

Alichukua ile ya kuishia tumboni. Kweli zilikuwa mapacha: umbo lilelile, waya uleule juu ya kizibo, karatasi ileile ya dhahabu shingoni. Ila hii ilikuwa imeandikwa kifuani BILA KILEO, kwa herufi ambazo mtu angezisoma akiwa ng'ambo ya barabara.

Nyumbani aliiweka mezani, akaizunguka. Kisha akafanya jambo ambalo mikono yake ililijua kuliko kusuka nywele. Kiwandani, kabla ya kuonja, sampuli hubanduliwa lebo ili jina lisimdanganye muonjaji. Alijaza beseni maji ya uvuguvugu, akailaza chupa ndani, akasubiri karatasi ilegee, akaivuta taratibu kutoka pembeni hadi ikatoka nzima. Gundi iliyobaki aliisugua kwa mafuta ya kupikia na sabuni. Lebo ikaenda kwenye pipa la taka, chupa ikaenda kwenye friji. Ilikuwa kazi safi, na kwa muda alijisikia mwepesi.

Hofu ilimshika vizuri alipokuwa kwenye ngazi za kwa kaka. Bosi akiuliza jina la mvinyo, alikuwa na jibu: zawadi ya rafiki, jina limemtoka. Kaka akiuliza, hakuwa na kitu. Alijikaza, akabisha hodi.

"Kipimo!" kaka alimwita kwa jina la utani alilompa siku alipoajiriwa. "Tulidhani umelala kiwandani. Ingia, ingia. Bosi, huyu ndiye mdogo wangu. Huyu hanywi hata maji kabla hajajua yametoka bomba gani."

Bosi mwenyewe, mkuu wa karakana, mtu mnene mwenye mikono ya fundi, alicheka akamsalimu. Wifi alikuwa akipanga sahani.

"Karibu, wifi. Umetuletea nini?"

Mfuko ulifunguliwa. Kaka aliishika chupa kwa mikono miwili, akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule. Akaitazama hata chini.

"Mbona iko uchi?" aliuliza mkuu wa karakana. "Au ndiyo ile ya kupikwa porini? Mimi nina watoto, jamani!"

Wifi alicheka. Kaka hakucheka. "Nakwenda kutafuta glasi," alisema, akaingia jikoni na chupa. Mpimaji akamfuata.

Kaka alirudisha mlango. Alizungumza kwa sauti ya chini.

"Kuna nini humu?"

"Haina kileo."

"Nani kasema?"

"Lebo."

"Iko wapi?"

"Nimeibandua. Niliitupa."

"Kwa nini?"

"Bosi wako asije akaisoma. Nisikuaibishe."

Kaka aliiweka chupa kando ya sinki, akarudi nyuma hatua moja, kama mtu anayempisha mbwa asiyemjua.

"Mimi kila kinachoingia mdomoni mwangu nakisoma," alisema. "Keki naisoma. Dawa ya kikohozi naisoma. Nilikupigia wewe na si mwingine, kwa kuwa najua wewe unasoma. Na wewe ndiye uliyebandua."

"Kwa hiyo umeacha?"

"Si ungeniuliza?"

"Baba mdogo aliuliza."

"Baba mdogo hakuuliza. Baba mdogo alitangaza, watoto wangu wamekaa wanakula."

Wifi alisukuma mlango. "Mnafanya nini humu? Mgeni anaongea na ukuta."

"Onja hii," kaka alimwambia. "Utuambie kama ina kileo."

"Mimi? Tangu lini nimeonja kileo nikakijua? Labda nianguke ndiyo mjue."

Mpimaji alifungua waya, akakizungusha kizibo polepole kisipige kelele, akamimina kidogo, akaonja. Alikaa na funda lile mdomoni kama afanyavyo kazini. Lilikuwa tamu, kali kidogo, bila ule moto kooni.

"Haina," alisema. "Nina hakika."

"Una hakika," kaka alirudia. Aliitazama glasi, akamtazama yeye. Sebuleni mkuu wa karakana alikohoa.

"Kaka, narudi dukani sasa hivi. Nakuletea nyingine, na maandishi yake yote."

"Chakula kinapoa." Kaka alichukua sinia, akapanga glasi. "Jumamosi ijayo utaileta. Na lebo usiiguse."

Ilimchukua mpimaji muda kuelewa kwamba ameitwa tena. Aliibeba chupa, akamfuata sebuleni.

Kaka alimimina mwenyewe: glasi ya bosi, ya mke wake, ya dada yake. Mapovu yalipanda, yakashuka. Glasi yake aliipeleka jikoni, maji ya bomba yakasikika, akarudi nayo imejaa.

"Na wewe?" aliuliza mkuu wa karakana. "Sherehe yako, unakunywa maji?"

Wifi aliacha kijiko hewani. Mpimaji alitazama kitambaa cha meza.

"Mimi nilikuwa mlevi, bosi," kaka alisema. "Nimeacha."

"Toka lini?"

"Toka mtoto wa mwisho hajaanza shule."

Mtoto mwenyewe alikuwa darasa la pili. Mkuu wa karakana aliinua glasi yake, akainyoosha kuvuka meza, akaigonga kwenye ile ya maji.