Sitii Saini

Mimi ni mkaguzi wa lifti, nina leseni, na mdomo pia ninao. Jumatatu nilipanda hadi chumba cha mashine cha jengo moja la ghorofa sita, nikapitisha kitambaa kwenye kamba ya chuma inayobeba lifti. Kitambaa kikanasa. Kumulika tochi, nyuzi kumi na mbili zimekatika! Nikaizima lifti papo hapo.

"Tia saini cheti tu, fundi," mwenye jengo akanibembeleza. "Kamba nitabadilisha mwakani."

"Sitii saini ng'o."

Jumatano akaniletea barua ofisini, Kiingereza kitupu. Humo nimeitwa "obstinate", na anataka nifutiwe leseni. Mkuu wangu akasema kikao ni Ijumaa, kwenye jengo lile lile, na nisipomshawishi yeye, kazi sina. Miaka kumi na minne, hivi hivi tu! Nililia kwa hasira, sikatai.

Nikaipeleka barua kwa baba, karani mstaafu, anayesoma kamusi kama wenzake wanavyosoma gazeti. Huniita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake.

"Haya mama, tuone umetukanwa nini." Akavaa miwani, akashusha kidole kwenye ukurasa. "Mkaidi. King'ang'anizi. Asiyebadili msimamo hata akisemeshwa."

"Si nilijua! Matusi matupu."

"Hebu ngoja, una haraka ya wapi? Asili yake Kilatini, na mzizi wake ni kusimama. Mtu kakaza nia, kasimama mbele ya kitu, habanduki." Akanitazama juu ya miwani. "Wewe ulisimama mbele ya nini?"

"Lifti, baba. Ghorofa ya nne kuna chekechea. Watoto wanaipanda kila asubuhi."

"Basi neno lake likubali. Ila usibanduke."

Ijumaa tukapanda ngazi wote hadi ghorofa ya sita: mkuu wangu, mwenye jengo na mimi, jasho likitutoka. Mwenye jengo akasema lifti ni salama kabisa, tatizo ni huyu mwanamke na ubishi wake. Mkuu akaniuliza nina la kujitetea.

"Sina. Mbishi ni mimi kweli, tena sana," nikasema. Nikachomoa karatasi na kalamu mkobani. "Cheti hiki hapa, kalamu hii hapa. Naiwasha lifti sasa hivi. Mwenye jengo ashuke nayo peke yake. Akifika chini mzima, nasaini."

Nilisimama mlangoni pa lifti kabisa. Angethubutu kuinua mguu ningemrudisha kwa mikono yangu, maana roho ni roho, hata yake.

Hakuinua. Alitazama mlango wa lifti, akamtazama mkuu wangu, akatazama saa. Akasema amekumbuka ana neno na mlinzi.

Tulivisikia viatu vyake vikishuka ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka chini.