Uwanja Uliorudishwa Kila Magharibi

Mzee Abdighani hakuwa na televisheni. Hakuwa na simu ya kuonyesha katuni, wala redio ndani ya gari lake kuukuu la Pijo, wala bembea uani, wala meno mawili ya mbele. Watoto wa mtaa nao hawakuwa na uwanja tena, maana mwezi wa nne ulizungushiwa ukuta na mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Alichokuwa nacho ni wajukuu wawili, Kowsar wa miaka minane na Faiza wa miaka sita, na likizo ya wiki tatu.

"Aabo, hawa watakumaliza," alisema binti yake Asho, akibeba mitungi ya maziwa ya ngamia kwenda sokoni.

"Nimeendesha lori miaka thelathini. Hawa nao ni mzigo?"

Kila Jumamosi alienda Rapsu kuleta vitunguu, na njia ni ndefu. Ili wasipigane kwenye kiti cha nyuma, aliwapa mchezo aliofundishwa na baba yake: anayeona kitu kwanza na kusema "Changu!" ndiye mwenyewe mpaka jua lizame. Sheria ilikuwa moja. Kitu cha watu hurudishwa kabla ya adhana ya magharibi.

Jumamosi ya kwanza Faiza alimtaka punda mmoja walipopita Kinna, na walipofika nyumbani punda alikuwa uani akila maganda ya viazi. Kowsar alikuwa amepata tangi la maji na kilima kidogo. Mzee alikizunguka kilima, akaona hakijapasuka, akawaambia wacheze taratibu. Jioni vyote viliondoka kwa mpangilio. Kilima kilitoka mwisho kwa sababu ya lango.

Jumamosi ya pili, walipokuwa wakiingia mjini, gari lilipita kando ya ukuta. Kowsar alichungulia kwenye ufa.

"Changu!"

"Hicho ni cha watu, wewe," Faiza akasema.

"Watu gani? Awowe, mwambie ni watu gani."

Babu yao alibadilisha gia.

Nyumbani walikuta uwanja uani. Ulikuwa umejikunja kidogo karibu na choo, lakini ulienea: magoli mawili, vumbi jekundu, na ule mti wa miiba uliomchoma Asho alipokuwa mdogo. Watoto wa mtaa waliingia bila kubisha. Asho aliuliza tu ataanika nguo wapi.

Adhana ilipokaribia, uwanja haukuondoka. Kilima kilijua kwao. Uwanja haukujua urudi kwa nani.

Mzee Abdighani hakuwahi kulala na kitu cha watu. Aliketi akaiandikia ofisi ya ramani, kwa mwandiko wa gumbaru, shule ya watu wazima alikosomea: "Nina uwanja usio wangu. Naomba jina la mwenyewe."

Jumatatu alikuja karani wa ofisi ya ramani, aitwaye Nyawira, na utepe wa kupimia.

"Habari, mzee."

"Nzuri, binti yangu. Huu hapa."

Alipima mara mbili. "Ni wenyewe. Lakini kwenye ramani uko kule ndani ya ukuta, na faili imefungwa. Jina siwezi kukupa."

"Huwezi, au umeambiwa usiweze?"

"Mzee, mimi pia nina watoto."

"Na wanacheza wapi?"

Nyawira alikunja utepe polepole. "Kwenye ngazi za ghorofa."

Jioni hiyo mzee aliufunga uwanja kwa kamba nyuma ya Pijo, akaurudisha ndani ya ukuta. Asubuhi aliwapitisha wajukuu pale pale, akapunguza mwendo kwenye ufa. Ikawa hivyo kila siku. Saa tatu uwanja ulikuja, magharibi ulirudi, na barua nyingine ya kuomba jina ilienda ofisini.

Siku ya mwisho ya likizo ukuta ulikuwa umeongezwa mistari miwili ya mawe. Ufa haukuzibwa. Mzee aliandika barua ya kumi na tatu: "Uwanja umerudi salama. Umefungwa magoli kumi na moja. Tutauchukua tena Jumamosi. Naomba jina la mwenyewe, nimshukuru."

Faiza alilamba bahasha, Kowsar akaibana kwa kiganja. Juu yake mzee aliandika anwani ya ofisi. Chini, penye jina la mwenye uwanja, aliacha nafasi ya kutosha jina refu, kisha akampa mtu wa bodaboda aipeleke.