Redio Isiyofunguka

Ukimuuliza Sostenes ile miaka miwili kwenye kiwanda kidogo cha Kizota alikuwa akifanya nini, atakujibu kwa neno moja: vumbi. Alikuwa akipigana na vumbi la Dodoma, na ajabu ni kwamba alilishinda! Alibuni redio ya kuchaji kwa jua, kasha lake limeunganishwa kwa moto pande zote, halina skrubu hata moja. Aliizika mchangani wiki nzima, akaifukua ingali inapiga kwaya. Mtu mzima alitokwa machozi ya furaha, wala hakuona haya.

Mwenye kiwanda, Bi Mwanahawa, Mrangi wa Kondoa asiyependa maneno mengi, alimwambia waziwazi: "Ijumaa anakuja Silvano, yule anayesambaza bidhaa madukani mpaka Mtera. Akiichukua, tunazitengeneza kwa wingi. Asipoichukua, mwanangu, sina kazi ya kukupa."

Ijumaa Silvano akaja, na hakuja peke yake. Alikuja na Mzee Mazengo, fundi redio wa Miyuji, maana hanunui kitu kabla fundi hajakitazama. Msimlaumu. Huku kwetu nani hununua redio bila kumuuliza fundi?

"Shikamoo, mzee," Sostenes akasema.

"Marahaba." Mzee akaigeuza redio juu, chini, ubavuni. Akatoa bisibisi mfukoni, akatafuta pa kuichomeka. Wapi! "Inafunguliwa wapi?"

"Haifunguliwi, mzee. Hii haiharibiki."

Loo! Heri angemtukana. Mzee aliirudisha redio mezani taratibu. "Mwanangu, hata binadamu hupasuliwa hospitali, akashonwa, akarudi nyumbani. Kitu kisichofunguka, siku kikifa ni cha kutupa. Sisi si watu wa kutupa vitu."

Silvano akachukua kofia yake.

"Ngoja!" Bi Mwanahawa akadakia. "Jumatatu itakuwa na skrubu. Nne."

Sostenes alitamani kubisha. Lakini mkewe Paulina alikuwa na mimba ya miezi saba, na ubishi hauliwi. Akalikata kasha kwa mkono wake mwenyewe, akatoboa matundu manne, roho ikimuuma kama anayechinja mbuzi aliyemlea.

Jumatatu Mzee Mazengo akafungua, akachungulia, akafunga. "Sasa hii ni redio!" Silvano akaagiza elfu moja.

Haikupita miezi mitatu vumbi likaingia, likajikalia. Redio zikaanza kukoroma, na kwa mafundi kukawa na foleni kila kona. Sostenes akawa anangoja barua ya kufukuzwa. Barua ikaja kweli: Silvano ameagiza elfu tatu nyingine, na yeye amepandishwa cheo, ni mkuu wa ubunifu.

Cheo kile kilimtia aibu. Akaenda Miyuji kwa Mzee Mazengo ajionee madhara mwenyewe. Pale kwenye benchi alimkuta mama mmoja amepakata redio yake.

"Pole, mama," Sostenes akamwambia. "Inakusumbua sana hiyo?"

"Inisumbue hii?" Mama akaipangusa kwa kitenge. "Wewe! Imefunguliwa mara tatu, na kila mara inafufuka. Zile za zamani zilikuwa zikifa, ndiyo basi. Aliyeibuni hii alitufikiria sisi. Mungu ambariki!"

Mzee Mazengo akainua macho kutoka kazini, akamtazama Sostenes.

"Amina," akajibu mkuu wa ubunifu.